Kipa Aliyebaki Glavu

Saa saba mchana, Jumamosi moja ya kaskazi, kipa alitoweka langoni. Zilibaki glavu mbili zinaelea hewani, na shuti lilipopigwa zikaruka kulifuata kama kwamba mwenyewe yumo. Watoto waliojazana kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akaanguka. Mimi sikucheka, maana aliyefungwa bao lile alishasimama na anataka mia mbili yake.

Chumba kile cha gemu, Ngamiani hapa Tanga, kilikuwa cha marehemu mume wangu. Nilipotoka eda, miezi minne na siku kumi, nilikuta vinanisubiri kodi ya chumba, ada ya binti yangu, na kompyuta mbili za mtumba ambazo sikuwahi hata kuziwasha. Nikajifunza kuziwasha. Nikawa nachezesha gemu kutwa, na katikati nachapa barua, CV na ankara za mafundi ujenzi. Madeni ya wateja niliyaandika humohumo kwenye Notepad, faili likiwa wazi nyuma ya gemu tangu asubuhi hadi kufunga. Marehemu alifanya hivyo, nami nikafuata.

Baada ya kipa yakaja mengine. Nyasi zikageuka zambarau. Refa akakatika kiuno, miguu ikawa inakimbia peke yake. Mara skrini ya bluu yenye maandishi meupe inatokea na kompyuta inajizima. Lililouma zaidi ni ligi ya mtoto mmoja aliyoicheza wiki tatu nzima, ikagoma kufunguka. Alilia kama aliyefiwa, na mimi niliyefiwa kweli ndiye ninayembembeleza.

Nikaishitaki gemu. Ilikuwa nakala ya kupeana kwa flashi mtaani, na siku zote nilijua cha kupeana kina aibu zake. Fundi wa kwanza akaniunga mkono: akaifuta, akaiweka upya, akapiga na Windows, akaondoka na elfu kumi na tano. Alikuja jioni, mvua imetoka kunyesha, kuna ubaridi. Siku mbili shwari. Ya tatu, saa saba, zambarau. Fundi wa pili hata hakuketi, aliegemea mlango akasema, "Mama, kadi ya picha imekufa hiyo, andaa laki na ishirini." Jirani yangu naye akaja na lake: "Shoga, mashine ya marehemu hiyo. Umeisomea?" Nikaisomea. Dua haiharibu kompyuta.

Katikati ya hayo nikagombana na mwashi. Mwanawe alikuwa akicheza kwa mkopo, na mwisho wa mwezi baba ndiye analipa. Nikafungua faili nikamwambia elfu saba. Akasema elfu tatu. Nikamgeuzia skrini aone. "Dada, mimi ninachodaiwa nakijua," akasema, kwa sauti ya chini tu. Nikamjibu, tena mbele ya watu, kwamba kompyuta haidanganyi, watu ndio wanaodanganya. Hakunijibu. Alimshika mwanawe mkono wakatoka.

Mimi akili ya kompyuta sina, ila nimelea mtoto wa homa za vipindi, na najua homa ina saa zake. Nikanunua daftari la mia tano. Kila kituko nikaandika: saa ngapi, mashine ipi, nini kimeonekana. Baada ya siku tisa halikuhitaji tena kusomwa kwa makini. Kabla ya saa nne asubuhi, hakuna kitu. Saa sita hadi saa kumi, ukurasa umejaa. Na vyote ni vya mashine ya mlangoni, ile iliyoegemezwa ukuta wa bati linalochomwa na jua.

Nikamwonyesha kijana wa jirani, wa kidato cha tano, ambaye huja kuchapa kazi zake kwangu bure kwa kuwa hunisaidia kufagia. Akasoma, akasema, "Anti, tuihamishe gemu hiihii kwenye ile ya pembeni. Kama ugonjwa ni wa gemu, utahama nayo." Tukainakili. Ikacheza kutwa bila doa. Kesho yake tukahamisha na kadi ya picha. Nayo ikacheza bila doa. Laki na ishirini ikapona hapo.

Basi tukafungua sanduku, hili ambalo mtaa mzima tunaliita CPU. CPU yenyewe, alinionyesha, ni kibati kidogo kama biskuti kilichojificha chini ya feni. Ndani mlikuwa na vumbi la kushona blanketi, na mayai mawili ya mjusi, makavu. Vipande viwili vya RAM vilikuwa vimefifia kwenye yale meno yao ya dhahabu. Huku pwani hewa ya chumvi haikisamehe chuma chochote. Akayasugua kwa ufutio wa shule, taratibu, huku anapuliza. Tukarudisha. Siku nzima mashine ikatulia, nami nikapika pilau. Kesho yake refa akakatika kiuno.

Ndipo akaleta flashi yenye MemTest86. Ni programu inayoamka kabla ya Windows: inaandika tarakimu kwenye kila chumba cha kumbukumbu ya kompyuta, halafu inarudi kuzisoma, kuhakikisha ilichoweka ndicho ilichokikuta. Tuliiwasha usiku, ikapita mzunguko mzima, makosa sifuri. Nilikata tamaa, nasema wazi. Yeye akaangalia daftari langu. "Anti, homa hii huja saa saba. Sisi tumempima mgonjwa usiku."

Jumapili nikafunga chumba. Jumapili ndiyo siku ya mapato, na wateja wangu walipita wakichungulia kwa hasira. Tulikaa wawili mbele ya skrini, na feni ya mezani tukaizima makusudi. Saa saba na robo ukatokea mstari mwekundu. Kisha wa pili. Kisha ikawa mvua. Kila mstari una tarakimu iliyowekwa na tarakimu iliyokutwa, na tofauti yake kila mara ni moja: nne. Tukachomoa kipande kimoja cha RAM, tukapima: safi. Tukavibadilisha: mistari. Tukakihamishia tundu la pili kipande kile kibovu: mistari vilevile. Kwa hiyo tundu halina kosa, kosa ni la kipande.

Nikamuuliza mbona barua nilizochapa hazikuwahi kuharibika. Akasema barua inakaa kwenye kona ndogo tu ya kumbukumbu, lakini gemu inapanuka hadi vyumba vya mwisho, na ubovu uko huko. Kitu chochote kinaweza kusukumwa huko gemu inapojaa, hata faili dogo lililoachwa wazi.

Nikamwambia arudie hilo la mwisho.

Halafu nikamuuliza hiyo nne ni nini. Akachukua daftari langu akaandika. Herufi 3, mashine inaiandika 00110011. Herufi 7 ni 00110111. Zimepishana mahali pamoja tu, na mahali hapo thamani yake ni nne. Akaendelea kueleza mambo mengine, mimi nimekwama kwenye tatu na saba. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenye faili langu. Lakini nilijua ninakwenda wapi jioni ile.

Nilimkuta mwashi anasiriba ukuta kwenye nyumba moja karibu na soko la Mgandini. Nilimsalimu, akaitikia bila kugeuka. Nikamweleza: nilikosea, deni ni elfu tatu, na hata hiyo naisamehe. Akasiriba hadi mwisho wa kipande alichokuwa nacho, akafuta mikono, akatia mkono mfukoni. Alipanga sarafu sita za mia tano, moja moja, kwenye ukingo wa toroli, mbali kidogo na mkono wangu.

Mashine ya mlangoni sasa iko ukuta wa matofali, na RAM ya mtumba niliinunua kwa elfu ishirini na tano. Madeni naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku. Kipa yuko langoni, mzima, na bado anafungwa mabao ya kijinga. Yule mtoto wa mwashi namwona akipita mlangoni kwangu kila jioni, anakwenda kucheza chumba cha mtaa wa pili.