Barua ya Chuo Ni Kama Posa



Tangu Ramadhani ya mwaka 2025 wengi wenu mmekuwa mkituuliza: yale mambo ya kwenda kusoma nje yameishia wapi? Leo tunajibu kwa pamoja, maana tulisubiri kwa pamoja. Sisi ni watatu, wawili wa Unguja na mmoja mzaliwa wa Pemba, na sote tulisoma jiolojia bara. Mmoja wetu ameolewa na ana mtoto wa miaka miwili. Majina tunayaacha. Mji wetu mdogo, na wenye kutujua wanatujua.

Kwanza, kwa nini mawe?

Tukisema tunasoma mawe, watu hucheka. "Mawe yana nini cha kusomwa?" Basi tazameni kisima cha bibi yake mmoja wetu, upande wa mashariki ya Unguja. Kule ardhi ni ya maweni, yaani matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Mvua ikinyesha haitengenezi mto, inazama moja kwa moja kwenye nyufa. Chini huko maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni tuliyofundishwa inasema kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi chini yake. Kwa hiyo ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka mita moja tu, chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Bibi alikuwa akinywa maji ya kisima kile. Siku hizi anafulia tu.

Huyo mmoja wetu akataka kusomea maji ya chini ya ardhi. Wa pili roho yake iko Oldoinyo Lengai, volkano yetu ya Arusha ambayo lava yake haina mfano duniani, nyeusi na nyepesi kama uji. Wa tatu, Mpemba wetu, anataka kusoma sakafu ya bahari. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kiasi cha mita 120, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, maana mkondo wake ni wa kina kirefu. Yeye hupenda kutukumbusha hilo kila tukibishana.

Kusubiri

Kwa mambo yetu haya, huanzi na fomu. Unaanza na mtu. Tangu Septemba tulikuwa tukiwaandikia maprofesa, mmoja baada ya mwingine, kuwauliza kama wana mradi na kama wana fedha za mwanafunzi. Wengi hawakujibu. Waliojibu ndio tuliowaombea nafasi, na fomu tukazimaliza Disemba na mwanzo wa Januari. Jumla maombi 11 kati yetu watatu, na kila ombi lina ada yake, ila pale tulipoandika kuomba tusamehewe tukasamehewa. Dada, omba. Wengi hawajui kwamba inawezekana.

Kisha kimya.

Saa sita ya mchana kwenye majimbo ya milimani ya Marekani ni saa nne ya usiku kwetu wakati ule wa baridi yao. Basi habari zilikuwa zikija usiku, na mwaka ule Ramadhani ikaangukia Machi, mwezi wenyewe wa majibu. Watu wanatoka tarawehe wanazungumza, sisi tumeinamia simu. Ikabidi tujiwekee sheria: barua pepe itafunguliwa mara mbili kwa siku, baada ya Alfajiri na baada ya tarawehe, basi. Sheria ya pili ilikuwa ngumu zaidi: habari njema isemwe kwa wote watatu siku hiyo hiyo, na mwenye kuumia aruhusiwe kunyamaza mpaka asubuhi.

Sheria hiyo ilipata kazi mapema. Usiku mmoja mmoja wetu alipata barua ya kukubaliwa pamoja na posho, na mwingine akapata mistari minne ya kumkatalia, dakika chache tu kupita. Aliyekubaliwa akaandika, "Nimepata." Aliyekataliwa hakujibu. Wakati wa daku akaandika, "Mabruk. Mimi wamenikataa. Pika chai, nakuja." Akaja kweli, tukala daku pamoja.

Ule ulikuwa mwaka mzito kwa kila mtu. Vyuo kadhaa vya Marekani vilipunguza nafasi au vikasimamisha udahili kwa kuhofia ruzuku za utafiti kutoka serikalini. Professa mmoja alituandikia kwa uungwana kwamba angemchukua mwenzetu, ila hana uhakika wa fedha. Barua ile ilituuma, lakini ilitufundisha kwamba kukataliwa si lazima kuwe hukumu juu ya akili yako.

Idi ilipofika hesabu yetu ilikuwa hivi: nafasi nne, kukataliwa mara tano, orodha ya kusubiri moja, na chuo kimoja mpaka leo hakijasema neno. Nafasi tatu kati ya zile nne zilikuwa za mtu mmoja.

Posa haijibiwi siku hiyo hiyo

Hapa ndipo wazee wetu walipotusaidia bila kujua. Barua ya posa ikija nyumbani, hakuna anayejibu papo hapo. Barua inapokelewa, watu wanashukuriwa, kisha upelelezi unaanza. Nani huyu? Ana kazi gani? Nyumba yao ina watu gani? Barua ya chuo tuliipeleleza vivyo hivyo.

La kwanza, nani anaposa? Jina la chuo ni ukoo tu. Utakayeishi naye ni msimamizi wako, miaka miwili au mitano. Ukoo mkubwa unaweza kuwa na mtoto mkorofi.

La pili, nani anagharamia? Mmoja wetu alipata nafasi Uingereza, mwaka mmoja, chuo chenye jina ambalo hata muuza urojo analijua. Ami yake akawatangazia watu msikitini. Lakini barua ilikuwa ya nafasi tu, haina fedha. Ada ilipita pauni 25,000, na juu yake malipo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na kabla ya hayo yote malipo ya awali ya kushikia nafasi. Ami akasema kiwanja cha familia kiuzwe. Nafasi ya Uholanzi nayo ilikuwa hivyo hivyo, udahili bila ufadhili. Ya tatu ilikuwa ya chuo cha jimbo huko Marekani, jina lake hakuna anayelijua hapa Mjini, lakini ada inasamehewa na posho ipo kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza saa 20 kwa wiki.

Hata hiyo yenye fedha tuliisoma mara tatu. Posho ni ya miezi tisa au kumi na mbili? Nyingi ni za tisa, na miezi ya joto unajitafutia. Bima ya afya imo? Ada ndogo ndogo za kila muhula zimo? Na kabla hujaondoka, mwaka 2025 kulikuwa na dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wao wa wanafunzi wa kigeni, dola 185 za maombi ya viza, tiketi, na kodi ya mwezi wa kwanza. Posho ya kwanza inakukuta umeshatumia yote hayo.

La tatu, waulize waliomo ndani ya nyumba. Tuliwaandikia wanafunzi wa msimamizi yule, waliopo na waliomaliza. Maswali yetu yalikuwa matano: Anajibu barua? Anagombana vipi? Wanafunzi wake humaliza kwa miaka mingapi? Kuna aliyeondoka katikati? Ungechagua tena? Mmoja alitujibu kwa maneno mazuri swali la kwanza mpaka la nne, na la tano akaliruka. Tukaelewa.

La nne ni la kwetu wanawake. Kazi zetu ni za porini na baharini. Tuliuliza: safari zinakuwa na wanawake wangapi, mahema yanagawanywaje, choo kiko wapi, mwenye kusali anasimamishiwa gari? Wengine wataona maswali haya madogo. Marie Tharp, Mmarekani aliyechora ramani za sakafu ya bahari miaka ya 1950, alizichora ofisini kwa vipimo vilivyoletwa na wanaume, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Alipoona bonde la ufa katikati ya Atlantiki, mwenzake mwanzoni aliyaona maneno yake kuwa porojo za kike. Bonde lilikuwepo. Kwa hiyo swali la nani anapanda meli si dogo hata kidogo.

La tano, nyumba yako mwenyewe. Mwenzetu mwenye mume alipata nafasi ya uzamivu Marekani, miaka mitano, na mradi ni wa volkano. Huko, wakati ule, mume aliyefuatana na mke mwanafunzi aliweza kupata viza, lakini hakuruhusiwa kufanya kazi. Uingereza nako, tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kuja na familia. Mambo haya yanasomwa kabla ya mtu kulia, si baada.

Nafasi ya mwenzio ni amana

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ofisi moja ilimtaka mwenzetu ajibu ndani ya siku tano. Akawakumbusha tarehe hiyo kwa adabu, wakampa muda wake. Ijueni tarehe hii, dada zetu, ni haki yenu.

Lakini haki ina upande wa pili. Mpemba wetu alikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Nafasi yake ilikuwa mkononi mwa msichana mwingine, pengine China, pengine Brazil, ambaye huenda hakuwa na nia ya kwenda. Tukiwa tunamwona kila siku anavyosubiri, mwenye barua tatu hakuweza kuziweka zote kifuani. Uingereza na Uholanzi aliziachia mwanzo wa Aprili, mara tu hesabu ya fedha ilipokataa. Ami alikasirika. Alisema hakuna ubaya kushikilia. Mama yake ndiye aliyejibu: "Kitu ambacho hukitaki na mwenzio anakililia, hicho si chako, umewekeshwa."

Istikhara, na baada yake

Wapo waliotuuliza tuliota nini. Hatukuota kitu. Tulisali istikhara baada ya kusoma barua, kuuliza watu na kupiga hesabu, tukamwomba Allah aufanye mwepesi ulio na kheri na autie uzito usio na kheri. Halafu tukatazama ni mlango gani unafunguka na upi unagoma.

Wa maji alikubali chuo cha jimbo. Aliondoka Agosti, na sehemu hii ameihariri akiwa amevaa makoti mawili. Kiwanja cha familia kipo pale pale.

Wa volkano alikataa. Mtaani wakasema mumewe kamzuia, wallahi si kweli, mume alikuwa ameshaanza kuuliza bei za makoti ya mtoto. Barua ndiyo iliyokataa. Ilidhamini posho ya mwaka mmoja tu, na minne iliyobaki "kwa kadiri fedha zitakavyopatikana." Alimwandikia msimamizi kuomba lolote la maandishi kwa mwaka wa pili, akajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani. Kumhamisha mtoto na mume asiye na ruhusa ya kazi juu ya mwaka mmoja wa uhakika, hilo hakuliweza. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaandika barua ya kukataa, fupi na ya heshima, na msimamizi yule bado wanaandikiana.

Mpemba wetu alisubiri mpaka tarehe 15, ikapita. Wiki ya mwisho ya Aprili wakamwandikia kwamba orodha imefungwa. Hatutaki kuipamba habari hii. Iliuma, na subira haikuvuta heri yoyote tuliyoiona siku ile. Siku hizi anazunguka vijijini na kipimo cha chumvi, kisima kwa kisima, na kile cha bibi kimo katika daftari lake. Yeye na wa volkano wanaomba tena msimu huu, na anayewasomea barua zao usiku ni yule mwenye makoti mawili.

Dada uliye katika kusubiri, usijihesabie thamani kwa idadi ya barua. Ikija hata moja, shukuru, kisha ipeleleze kama posa: isome mstari kwa mstari, uliza waliomo ndani, piga hesabu na wako, sali. Ukiikubali, ikubali kwa macho yaliyofunguka. Ukiikataa, iachie mapema, yuko mwenzio anaingoja.

Allah awafungulie milango yenye kheri wote wanaotafuta elimu, awape subira waliofungiwa, na atupe sisi manufaa ya tulichojifunza. Amin.

Wenu katika kheri,
Sisi watatu