Nakala Kwanza, Mpwa Wangu

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia kompyuta ya nyumbani iko mezani, mgongo wazi, na kwamba unataka kuitoa diski yake uweke SSD, kisha uijaribu Linux. Sikukatazi. Kompyuta iliyochoka mara nyingi hupata nafuu kubwa kwa SSD kuliko kwa kifaa kingine chochote cha bei hiyo. Ninachokuomba, kabla hujagusa skrubu nyingine, ni unakili kila kisichopatikana tena: picha za harusi, vyeti mlivyoskani, kazi zako za chuo. Windows utaipakua upya; video ya bibi yako haipakuliwi popote. Na kisakinishi cha Linux kitakuuliza ufute diski ipi. Majina inayozipa diski, sda na sdb, yanatofautiana kwa herufi moja tu.

Usiuite huu woga wa wazee. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar, Marekani, amri moja ya kufuta ilikula sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Walipokimbilia nakala yao ya akiba, wakakuta haifai kitu. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Ona kwamba hapakuwa na mwizi wala kirusi, na akiba ilikuwapo, ila kwa jina tu.

Utaniambia picha zote ziko mtandaoni. Lakini huduma inayosawazisha hufuata mkono wako: ukifuta huku, na kule kunafutika. Google Drive hukiweka ulichokifuta kwenye pipa la taka siku 30, kisha basi. Nafasi ya bure nayo ni GB 15, na barua pepe zako zinakula humo humo.

Basi utasema utanunua flashi, na hapo ndipo ninapotaka uwe makini zaidi. Flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa karibu kila mara ni ya uongo: ndani mna chipu ndogo, pengine ya GB 32, na kidhibiti kilichochezewa kiidanganye kompyuta. Utanakili bila onyo lolote, majina ya faili yataonekana yote, ukubwa utalingana. Chipu ikishajaa, data inayofuata huandikwa juu ya ile ya mwanzo au hupotea kabisa. Utagundua siku utakapofungua picha ukute nusu yake ni kijivu. Zipo programu za bure za kupima, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux. Huijaza flashi mpaka mwisho, kisha husoma zilichoandika na kulinganisha. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, basi iache usiku, na uifanye flashi ikiwa bado tupu.

Gharama isikutishe. Diski unayoitoa usiiuze: itie kwenye kasha la USB, iwe nakala ya kwanza. Ya pili ikae nyumba nyingine, kwa shangazi yako kwa mfano, maana mwizi na umeme wa kurukaruka havibagui. Usiitegemee SSD peke yake pia. Diski ya zamani mara nyingi hugongagonga kabla ya kufa, SSD huweza kuzima bila kuaga. Ukimaliza kunakili, fungua faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine. Zikifunguka, endelea na kazi yako.

Mjomba wako