Kwihara Pamoja na Wazee

Wazazi wetu walipotutembelea Tabora, tuliwapeleka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi kutoka Bagamoyo. Mama aliushika mlango wa nakshi akautambua: kazi ya watu wa pwani.

Mwanetu akamwuliza babu yake ni nani waliobeba pembe za ndovu hadi baharini. Mzee hakuficha. Wengi walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira, wengine mateka waliokwenda kuuzwa; na miongoni mwa wenye misafara walikuwamo waliosali kama sisi. Mama alitaka mazungumzo hayo yaahirishwe. Sisi tuliona yaendelee. Tulisali Adhuhuri chini ya mwembe, na maswali hayakwisha hadi tulipofika mjini.