Sisi ni Akina Nani Kwanza?



Wapendwa waamini, mwaka 1981 huko Marekani, wanasaikolojia Janet Helms na Thomas Parham walitoa kipimo cha mitazamo ya wanafunzi weusi wa vyuo kuhusu asili yao, wakifuata nadharia ya William Cross ya mwaka 1971. Mwanafunzi husoma sentensi, kisha huchagua namba kuanzia 1 hadi 5 kuonyesha anavyokubaliana nayo. Majibu hufunua hali nne: kuudharau weusi wake, kutikiswa na tukio linalomfungua macho, kuzama katika weusi hata kuwakataa wengine, na hatimaye kutulia, akijipenda pasipo kumchukia mtu.

Wakati wa likizo tuliketi na vijana wetu wanaosoma vyuoni: Wakurya wa koo za Wanchari, Wairegi, Wakira na Wanyabasi, pamoja na Wangoreme wa Serengeti. Sensa za taifa haziulizi kabila tangu ile ya mwaka 1967. Sisi tukathubutu kuuliza. Waandike bila majina: wewe ni nani kwanza? Karibu wote waliandika, "Mkristo." Tukafurahi.

Kisha tukauliza: yowe likipigwa usiku kwamba ng'ombe wameibwa, utasimama upande wa nani? Kalamu zikasita. Binti mmoja akainuka, akasema kwa heshima, "Baba Paroko, na wewe je?"

Hatukuwa na jibu. Vijana wawili walipouawa katika ugomvi wa mpaka wa mashamba, mmoja wa ukoo huu na mwingine wa ukoo ule, tuliwahi kwenye msiba wa ukoo uliotuzaa. Kwa wale wengine tulifika siku ya tatu, tukiwa na visingizio. Watu waliona, wakanyamaza.

Ndugu zangu, Mtume Paulo hakuficha kwamba yeye ni wa kabila la Benyamini. Hata hivyo aliwafundisha Wagalatia kwamba katika Kristo wote ni kitu kimoja. Ukoo si dhambi. Dhambi ni kuufanya mizani ya kupimia machozi ya watu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa mama wa marehemu yule kuomba radhi. Alitupa kigoda, akaketi nasi kimya hadi jua likatua.

Juma hili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: jirani wa ukoo mwingine anapofiwa, sisi hufika siku ya ngapi? Hicho ndicho kipimo chetu.

Mungu awabariki.