Maneno Yasiyo na Maana

Kila mwezi Juni, katika chumba kidogo cha shule ya msingi mashariki mwa London, mwalimu mmoja mzaliwa wa Tanga huketi na watoto wa miaka mitano na sita, mmoja baada ya mwingine, akiwasikiliza wakisoma maneno 40. Maneno 20 ni ya Kiingereza. Mengine 20 si ya lugha yoyote; yametungwa na waandaaji wa mtihani, na kando ya kila moja pamechorwa kiumbe cha ajabu ili mtoto ajue kwamba analosoma ni jina la dubwana lisilokuwapo duniani. Upimaji huu ulianza rasmi England mwaka 2012, kwa nia ya kujua kama mtoto anaweza kugeuza herufi kuwa sauti pasipo kubahatisha. Kwa miaka mingi, anayepata alama 32 amehesabiwa kuwa amefikia kiwango.

Mwaka ule wa kwanza walimu wengi walilalamika. Watoto waliokwisha kuzoea vitabu walikutana na neno bandia "strom" wakasoma "storm", yaani dhoruba, kwa sababu akili ya msomaji hutafuta maana hata pale isipowekwa, na kwa hiyo wakakosa alama. Mwalimu huyu hakujiunga na malalamiko hayo moja kwa moja. Tahajia ya Kiingereza ni ya ukaidi, na mtoto aliyeachwa aikisie peke yake huweza kufika darasa la sita bado anakisia. Jim Rose alipopendekeza katika ripoti yake ya mwaka 2006 kwamba sauti za herufi zifundishwe kwa mpangilio, hatua kwa hatua, alikuwa na hoja. Mwalimu ameona matunda yake kwa macho yake. Kinachomkera ni kidogo zaidi, na labda ndiyo sababu hakiishi kumkera: katika mtihani mzima hakuna mahali mtoto anapoulizwa alichosoma kina maana gani.

Juni moja, binti mdogo ambaye mama yake ametoka Goma aliyasoma maneno yote bandia bila kusita. Alipomaliza akaliwekea kidole mojawapo na kuuliza maana yake. Mwalimu akamjibu kuwa halina maana. Mtoto akamtazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayemtazama mkubwa aliyesema jambo lisiloingia akilini, kisha akarudi darasani.

Swali lile lilimrudisha mwalimu Muheza, katika darasa la kwanza alilolifundisha miaka ya tisini akiwa ametoka Chuo cha Ualimu Korogwe na cheti cha Daraja la IIIA mkononi. Kule hapakuwa na dhoruba za tahajia. Kiswahili hakimfichi mtoto kitu: a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na baada ya miezi kadhaa anayekuja shuleni kwa utulivu anaweza kulitamka neno lolote unalomwandikia ubaoni. Ni neema ambayo wenye lugha hii wameizoea mno, hata wanaisahau. Lakini darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 90 na vitabu sita, na vitabu vile viliwekwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, maana kikipotea kimoja palikuwa na barua ya kujieleza. Watoto waliimba silabi kwa pamoja. Wengi walizijua kwa wimbo, si kwa macho. Miaka mingi baadaye, wakati Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapa watoto hadithi fupi za darasa la pili, na kukuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kuzisoma, mwalimu alikuwa tayari London. Habari hiyo haikumshangaza. Kilichomshangaza ni watu waliotafuta kosa katika lugha.

Hata ualimu wenyewe ulikatwa kwa mkasi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, watoto walimiminika, jambo jema ambalo hakuna mwalimu mwenye moyo angelipinga. Madarasa yakajengwa. Ili walimu wapatikane haraka, mafunzo yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. Vijana walifika Muheza wakiwa na ari na daftari la maazimio ya somo, na hawakuwa wameonyeshwa hata mara moja namna ya kumkalisha mtoto mmoja na kusikia ni wapi hasa usomaji wake unakwama. Mwalimu hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alilijifunza jambo hilo London, akiwa mwalimu msaidizi, kwa kuwa cheti cha Korogwe hakikumpa ruhusa ya kushika darasa huku, ikambidi aanze upya: shahada, mafunzo, mazoezi ya kufundisha, mkaguzi ameketi nyuma na kalamu yake. Alianza upya akiwa na zaidi ya miaka 30, huku akiwaosha makopo ya rangi watoto wa wenzake. Hilo halimwumi tena. Linalomwuma ni kwamba alichofundishwa hapa ni kitu chepesi, kisichohitaji umeme wala mashine, na kingeweza kufundishwa Korogwe katika muhula mmoja.

Hata hivyo, mwalimu akizungumza juu ya sera, hadithi anayoirudia ni ya sanduku la vitabu.

Tume ya Rais ya Elimu, ikiongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule za Tanzania na kueleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha hata kidogo kuwawezesha kujifunza masomo yao. Mtu angetarajia hitimisho liwe kubadili lugha. Likawa kuongeza Kiingereza, na kuanzia mwaka 1987 fedha za Uingereza zikaleta mradi wa kusaidia ufundishaji wa lugha hiyo, pamoja na vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa.

Mwalimu alikuwa kidato cha kwanza sanduku moja la vitabu hivyo lilipofika shuleni kwao. Kwa mara ya kwanza maishani alikabidhiwa kitabu kizima, chake peke yake, akae nacho wiki nzima. Alikinusa. Alikisoma kwa kibatari mpaka mama yake akalalamikia mafuta. Hawezi kuyasema vibaya mafuta yale wala kitabu kile, na kila anapowasikia wasomi wakiujadili mradi ule kama njama tupu, hukaa kimya. Lakini anajua pia walioketi dawati moja naye, ambao sanduku lile halikuwafaa kitu kwa sababu hadithi zilikuwa katika lugha ambayo walimu wao wenyewe waliikwepa. Miaka saba walikuwa wamesomeshwa kwa Kiswahili bila vitabu. Vitabu vilipokuja, vilikuja bila Kiswahili. Sera ya mwaka 2014 iliwapa wengi matumaini kwamba Kiswahili kingepanda hadi ngazi zote. Sekondari za umma zingali zikifundisha kwa Kiingereza.

Siku moja ya mapumziko alikwenda maktaba ya SOAS, karibu na Russell Square, na kukuta rafu za vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa London kwa ajili ya shule za Tanganyika na jirani zake. Tafsiri ya Frederick Johnson ya "Mashimo ya Mfalme Sulemani" ilitoka mwaka 1929, karibu kabisa na wakati ambapo Johnson mwenyewe alikuwa anaingia kazini kama katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Yaliyomo yana dharau ya ukoloni, na mwalimu hakuyapenda. Alipenda tu kuona kwamba zamani hizo kuna ofisi iliyoona kawaida mtoto wa Tanga apewe riwaya nzima kwa Kiswahili.

Nayo London ina usahaulifu wake. Mwaka 1975 ripoti ya Bullock iliieleza nchi hii kwamba mtoto hapaswi kutakiwa aiache lugha ya nyumbani kwao anapovuka kizingiti cha shule. Nusu karne baadaye, mama wa yule binti alipoitwa shuleni kupewa matokeo, alisema kwa fahari kidogo:

"Mwalimu, walituambia tumsemeshe Kiingereza tu. Sasa nami Kiingereza changu ndicho hiki unachokisikia."

"Nani aliwaambia, mama?"

Hakukumbuka. Watu tu. Mwalimu akamwomba asubiri, akafungua mkoba na kutoa kijitabu chembamba cha picha alichonunuliwa na mdogo wake Dar es Salaam, chenye neno moja kila ukurasa. Akampa mtoto. Binti akalifungua lile la kwanza na kulisoma kama alivyofundishwa, sauti moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kanuni ya London huitamka "u" kama ilivyo katika "cup", neno "kuku" likamtoka "kaka". Mama akacheka. Mtoto hakucheka. Aliitazama picha ya ndege mwenye upanga mwekundu, akayatazama maandishi, akamgeukia mama yake.

"Kuku," akasema, kwa lafudhi ya Goma, na kufungua ukurasa wa pili.