Moyo Ndani ya Picha ya Mapafu

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuyaandika haya hali mama yetu yu hai, ameketi barazani na tasbihi yake mkononi.

Alikuwa akikohoa muda mrefu, daktari akamwandikia apigwe picha ya sitii skani ya kifua. Jibu likaja kuwa mapafu ni salama. Tulifurahi, tukaitia karatasi sandukuni. Usiku mdogo wetu akaitoa, akaisoma hata mwisho, akakuta mstari tulioupita: pana kalisi katika mishipa inayoulisha moyo damu.

Tulirudi kwa daktari, naye akatufahamisha. Picha hiyo hupigwa kwa ajili ya mapafu, lakini moyo umo katikati yake. Kwa kuwa moyo hautulii, sura yake hutoka na ukungu. Hata hivyo kalisi huonekana nyeupe kama mfupa, nayo ni dalili ya mafuta yaliyoganda katika kuta za mishipa. Mwenye kutazama vyema aweza pia kuona moyo uliotanuka, maji yaliyokusanyika katika utando unaoufunika, au mshipa mkuu uliovimba. Mwaka 2016 mabingwa wa Marekani walipendekeza kalisi hiyo itajwe katika majibu ya kila picha ya kifua iliyopigwa bila ya dawa ya mshipani. Lakini picha hii si hukumu: haionyeshi nguvu ya moyo, wala kukosekana kwa kalisi si hati ya usalama.

Mama akapimwa shinikizo la damu, sukari na mafuta, akaanzishiwa dawa. Naye kifua hakikupata kumuuma hata siku moja!

Hadithi mashuhuri ya pande la nyama lililomo mwilini tumezoea kuifasiri kwa nia na ikhlasi, na ndivyo ilivyo. Lakini moyo wa nyama nao ni amana.

Enyi vijana, hatusemi watu waikimbilie mashine pasipo haja, kwani mionzi yake ina madhara. Twasema, ikishapigwa picha, isomwe karatasi yote, na daktari aulizwe: "Na moyo je, umeonekanaje?" Mama yetu husoma Kurani, lakini maandishi ya hospitali hayajui. Kumsomea ilikuwa haki yake juu yetu, nasi tulikaribia kuipoteza ndani ya sanduku. Mwenyezi Mungu atusamehe, naye ndiye Mponyaji.