Kopo la Oili na Lugha ya Raia

Mtanzania anayenunua gari lililotumika kutoka Japani hupokea mashine inayozungumza lugha tatu, na katika hizo ni moja tu iliyo yake. Kitabu cha maelekezo, kama hakijapotea njiani, kimeandikwa Kijapani. Kopo la oili limeandikwa Kiingereza. Ushauri wa fundi na wa muuza spea ndio pekee unaotolewa kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo ndio unaofuatwa. Ndugu msomaji, naomba leo tulitazame jambo hili dogo, la kuchagua oili na filta, kama suala la uraia.

Mwezi Julai, nikiwa likizo nyumbani Soni, niliamua kumwaga oili ya gari langu mwenyewe uani, kwa mara ya kwanza. Gari lenyewe ni Toyota dogo lenye injini ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1,497, iliyomo pia katika Vitz na IST nyingi zinazopanda na kushuka kati ya Mombo na Lushoto. Malipo ya fundi hayakuwa sababu. Nilitaka kujua ni kitu gani hasa ninachokilipia kila baada ya kilomita 5,000.

Kijana wa dukani alinipa shikamoo, akasikiliza shida yangu, akaweka mezani dumu la 20W-50. "Mwalimu, milima hii inataka oili nzito," alisema. "Wote huku wanatumia hii."

Hoja yake haipaswi kudharauliwa. Mombo iko nyikani, penye joto. Soni iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayoziunganisha hupanda kwa kona kali kando ya bonde la mto. Gari lililobeba watu na magunia ya viazi hupumua kwa shida pale. Ni rahisi kuamini kwamba kazi nzito huhitaji oili nzito. Lakini namba zilizo juu ya dumu husema jambo jingine.

Namba ya kwanza, iliyofuatwa na herufi W, hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Herufi hiyo imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika sehemu za juu za injini asubuhi. Namba ya pili hueleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, yaani injini ikiwa kazini. Joto hilo la kazini hudhibitiwa kwa kiasi kikubwa na maji ya rejeta na themostati, hivyo mlima hauibadilishi injini kuwa injini nyingine. Maelekezo ya injini kama yangu hutaja 5W-30. Asubuhi ya Julai huku kwetu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya kabichi, 20W-50 haitagoma, ila itachelewa kufika inakotakiwa, na injini itatumia nguvu zaidi kuisukuma. Injini iliyochakaa, inayokula oili, huenda ikafaidika na oili nzito kidogo. Huo ni uamuzi wa kufanywa kwa kulitazama gari lenyewe, wala si kanuni ya wilaya nzima.

Baada ya namba huja herufi za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata huonyesha kizazi cha kiwango: SL ni ya mwaka 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Kwenye rafu ya duka lilelile nilikuta kopo lenye SF, kiwango ambacho API yenyewe inasema hakifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Kopo hilo halikuwa feki. Lilisema ukweli wake waziwazi, kwa herufi mbili ambazo mnunuzi hajawahi kufundishwa kuzisoma. Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko ya feki: bidhaa halali, inayouzwa kihalali, kwa mtu asiyejua inasema nini.

Vijana wa bodaboda wamo katika hatari hiyohiyo. Katika pikipiki nyingi, klachi huogelea katika oili ileile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi isiyo na msuguano huteleza. Ndiyo maana oili ya pikipiki huwa na alama ya JASO MA. Ni dereva gani wa bodaboda aliyewahi kuambiwa hivyo siku aliyokabidhiwa pikipiki ya mkataba?

Filta nayo ina siasa zake. Kwa nje zote hufanana: kopo la bati lenye tundu la kati lenye nyuzi na mpira wa kuzibia. Ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa, na vali mbili zinazostahili kujulikana. Ya kwanza huzuia oili isirudi chini gari likizimwa, ili asubuhi injini isiwake ikiwa kavu. Ya pili hufunguka karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito mno kwa baridi, ili injini isikose oili kabisa. Hapo oili hupita bila kuchujwa. Kwa hiyo oili isiyofaa inaweza kuifanya hata filta nzuri isifanye kazi yake. Mnunuzi alinganishe namba ya filta, nyuzi zake na upana wa mpira na ile ya zamani. Wakati wa kufunga, ahakikishe mpira wa zamani haukubaki umenata kwenye injini, apake oili mpya kwenye mpira mpya, kisha akaze kwa mkono bila spana.

Taasisi za kumlinda mnunuzi tunazo. TBS huweka viwango, EWURA husimamia biashara ya vilainishi, na Tume ya Ushindani hupambana na bidhaa bandia. Nazishukuru. Lakini ulinzi wote huo humchukulia raia kama mtoto wa kulindwa, ilhali angeweza kuwa mkaguzi wa kwanza kama angepewa maelezo anayoyaelewa. Mwaka 2021 tulibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama raia anastahili kuelewa hukumu inayomhusu, anastahili pia kuelewa kopo analolilipia.

Kuna pia oili inayotoka. Injini yangu huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, na kiasi kama hicho, cheusi, kilibaki ndani ya dumu uani. Nilipouliza kiende wapi, jibu lilikuwa rahisi: paka mbao zisiliwe na mchwa, au mwaga kwenye korongo. Shirika la ulinzi wa mazingira la Marekani hueleza kwamba oili ya badiliko moja tu la gari inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Maji yetu ya Soni hayaishii Soni. Huteremka hadi Mombo, ambako kuna mashamba ya mpunga. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tunachokosa ni pipa moja, lenye mfuniko na mtu wa kulichukua. Dumu langu nimelifunga vizuri, nimelihifadhi ghalani, na nimeiandikia ofisi ya kata kuuliza lipelekwe wapi. Sijajibiwa.

Kwa hiyo nasema haya kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, wengine wao wakiwa wanafunzi wangu wa zamani. Magari yaliyotumika hukaguliwa kwa viwango vya TBS. Ukaguzi huo uambatane na karatasi moja ya Kiswahili: aina ya oili, kiwango cha chini cha API, ujazo, na namba ya filta. BAKITA isaidie istilahi, VETA isaidie mafundi, halmashauri iweke pipa. Na kwa wanafunzi na wanaharakati: mkifika dukani ombeni kopo, ligeuzeni, someni mgongoni kwake, kisha mwelezeni muuzaji kwa heshima mlichokisoma. Kijana yule wa Soni, nilipomwonyesha maana ya herufi zile, alichukua kalamu na kuziandika kwenye daftari lake la madeni.